Zimwi Lenye Lebo

Fundi cherehani wa duka la kona, mtaa mzima ulimwita Mama Shaka, na hakuna aliyekuwa amemsingizia. Ukimsalimia kwa furaha iliyozidi kidogo, anasimamisha cherehani akuulize kulikoni. Ukimletea sketi ya kupunguzwa kiuno, kwanza anaipindua ndani nje ajue ni fundi gani aliigusa kabla yake na aliharibu wapi. Mkwewe aliwahi kumletea zawadi ya kitambaa bila sababu yoyote. Alikikunja, akakitia kabatini, akakaa wiki nzima akisubiri aombwe kitu. Hakuombwa kitu. Hapo ndipo shaka lilipozidi.

Sasa mtu wa namna hiyo, wewe umwendee saa nne asubuhi, hamjuani, umefunga vifungo vya shati mpaka kooni, umwulize: "Samahani dada, kwenu kuna mtu aliwahi kushona zimwi?" Si unajitafutia balaa kwa mikono yako miwili?

Ndivyo alivyofanya Mwalimu. Alikuwa amestaafu kufundisha fizikia, na alisimama mlangoni kwa adabu, bahasha kifuani.

"Kushona nini?"

"Zimwi. La kwenye filamu."

Mama Shaka akaondoa mguu kwenye pedali. Moyoni akampangia makosa haraka haraka. Huyu ni tapeli. Kama si tapeli, katumwa kukagua leseni. Kama hakutumwa, basi kafiwa na mke na sasa anatafuta pa kuanzia mazungumzo. Hili la tatu ndilo lililomtia wasiwasi zaidi, maana viatu vya yule bwana vilikuwa vimetoka kupigwa rangi.

Mwalimu hakungoja kukaribishwa. Alitoa picha kwenye bahasha akailaza mezani, juu ya chaki na futi kamba. Ilikuwa picha ya dude la kijani, limegeuza mgongo, limeinama kumkaba mlinzi aliyelala chali. Zipu ilionekana yote, kutoka shingoni mpaka kiunoni, tena meno yake yaking'aa. Kola ilikuwa imepinduka, na juu ya kola kuna kipande cheupe cha kitambaa kilichotariziwa kwa uzi mwekundu: KAZI SAFI. Ile Z ilikuwa imegeuka, inatazama nyuma.

Mama Shaka akaisogeza picha karibu. Z hiyo aliijua. Mama yake hakusoma shule. Herufi alijifunza kwa kuzifuatisha upande wa nyuma wa kitambaa, Z ikamtokea hivyo, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mama Shaka mwenyewe alisoma, Z inavyoandikwa anaijua vizuri, lakini alipoirithi cherehani aliendelea kuitarizi kinyumenyume miaka thelathini na zaidi. Lebo yenye Z iliyonyooka aliiona kama ya kughushi.

"Mwenzangu alivua koti akalitundika kwenye kiti," Mwalimu akaeleza, "nikaiona lebo hii hii. Nikamuuliza kashonewa wapi."

"Unataka nini?"

"Sitaki kitu."

"Hakuna asiyetaka kitu, baba."

"Basi nataka uje Jumamosi saa tisa alasiri, uione. Tuna kikundi chetu. Tunatazama filamu za kutisha za zamani, zile zilizotengenezwa kwa kuungaunga. Hii inaitwa *Zimwi la Mtaroni*, na ndiyo tunayoipenda kuliko zote."

"Mnaipendea nini?"

Hapo Mwalimu akafanya kosa la kusema kweli. "Inachekesha sana."

Mama Shaka akamrudishia picha yake. "Nenda salama," akasema, na sauti aliyoitumia haikuwa ya kumtakia mtu salama.

Msimwone mkali bure. Aliyeitarizi lebo ile alifariki Mama Shaka akiwa na miaka tisa, na miaka mitatu ya mwisho ya uhai wake hakuna aliyecheka katika nyumba ile. Mambo yalianza Mama Shaka akiwa na miaka sita. Kwa wiki tatu mama yake alikuwa akitoka asubuhi na kurudi jua linazama. Alirudi ananuka gundi, shingo imechubuka, kucha zina wekundu usiotoka kwa sabuni. Halafu pazia la sebuleni, la kijani lenye maua makubwa ya njano, likapotea. Baba, aliyekuwa karani wa stoo na mtu wa kutaka kila kitu kiwe mahali pake, akauliza. Mama akamjibu maneno ambayo yalikaa nyumbani humo kuliko wenye nyumba: "Nilikuwa kazini na watu wa filamu. Zaidi ya hapo nimeapa kutosema."

Kiapo! Mke wa mtu anakula kiapo na watu baki, mumewe asiambiwe? Shangazi akaja na kuni zake kuchochea moto. "Dalili ya mvua ni mawingu, kaka yangu," akasema, akakunja mikono.

Miezi michache baadaye filamu ikaonyeshwa, na Baba akaenda peke yake kuitazama. Hakukaa hata robo saa. Majina yalipopita mwanzoni alisoma kwamba zimwi limechezwa na bingwa wa mieleka aliyeitwa Chuma, mtu mwenye kifua kama kabati, ambaye mabango yake yalibandikwa kila ukuta. Baba akainuka akatoka. Shaka lake sasa lilikuwa limepata jina na kifua. Hakumpiga mkewe wala hakumfokea. Aliacha tu kumwita "mke wangu." Tangu siku ile alimwita "yule." Mwambie yule chakula kimechelewa. Yule karudi? Hata siku ya maziko, watu wakilia, alisema, "Yule kapumzika." Picha pekee ya marehemu aliilaza sandukuni kifudifudi, na mpaka leo, mzee wa miaka themanini na minne, akilazimika kabisa kumtaja mama wa mtoto wake, husema yule.

Na Mama Shaka amwamini nani? Huo ndio mwiba aliokuwa akitembea nao. Miaka yote anashonea watu lebo ya mama yake kwenye kola zao, Kazi Safi, Kazi Safi, na yeye mwenyewe hajui kama ni kweli. Alikuwa akimpenda mama yake na kumshuku, vyote kwa pamoja, na jambo hilo linachosha jamani.

Kwa hiyo Jumamosi alikwenda. Alitia mkasi mkubwa kwenye mkoba, kwa lolote litakalotokea.

Kilikuwa chumba kirefu nyuma ya karakana ya samani, kinanuka vanishi. Madirisha yamezibwa kwa makaratasi, shuka limetandazwa ukutani, viti vya plastiki kama ishirini. Watu wazima na akili zao walikuwa wamekaa wanachekeana kama wanafunzi siku ya kufunga shule. Mama Shaka alichagua kiti karibu na mlango. Pembeni yake akaketi nesi mmoja mnene mwenye bakuli la bisi, akamkaribisha. Mama Shaka alizinusa kwanza. Kisha yule nesi, bila kuomba ruhusa, akamwekea kipande cha uzi begani.

"Unaniwekea nini?"

"Uzi tu, dada. Ni utaratibu wetu. Na wewe niwekee. Subiri, utaona."

Kutazama huku na huku, kila mtu ana uzi begani! Mama Shaka akakumbuka habari zote alizowahi kusikia za watu wanaochukuliwa nyota. Akataka kuupangusa, mkono ukasita. Alikuwa amekuja kujua, na mwenye kutaka kujua hukaa. Akaushika mkoba vizuri, na mkasi wake ndani.

Taa zikazimwa. Filamu ikaanza, na ilikuwa mbaya, msiulize. Mwezi ulikuwa sinia, na kamba yake inaonekana. Mtaro wenyewe ulikuwa beseni kubwa la kufulia, kwa sababu ukingoni palionekana kishikio. Mlinzi aliuawa dakika ya tano, na dakika ya kumi na mbili akapita nyuma akila muwa. Watu walikuwa wakicheka mpaka wanapigana mabegani, na wakati huohuo wanamwonya msichana wa kwenye filamu: "Usifungue mlango! We! Huyo hasikii!" Mama Shaka alikaa ameuma meno. Kila kicheko alikihesabu kuwa kimempata mama yake.

Lakini kuna jambo lilimshangaza. Zimwi lilipotokea nyuma ya msichana, polepole, mikono mbele, na hakuna muziki ila mlio wa mtu anayehema, alijikuta ameushika mkono wa nesi. Aliiona zipu. Alijua kabisa kichwa kile ni trei za mayai zilizopakwa rangi. Na bado nywele zilimsimama. Akaachia ule mkono upesi, kama vile kafumaniwa.

Kisha jicho la ufundi likaamka. Katika tukio la kwanza zimwi lilijaa ndani ya vazi lake, mabega yanagusa mlango huku na huku. Tukio la pili, vazi lile lile, mabega yale yale, lakini ubavuni kuna kitu.

"Simamisha!" akapaza sauti. Mwalimu, aliyekuwa kwenye mashine ya kuonyeshea, akasimamisha. "Hapo ubavuni. Hizo ni pindo. Hilo vazi limepunguzwa, na si kidogo, kiganja kizima kila upande. Na limepunguzwa kwa haraka, pini hazijatolewa. Aliyemo ndani sasa si yule wa mwanzo."

Watu wakainama mbele kutazama. Kisha nesi akasema, "Sisi siku zote tunasema zimwi limekonda kwa njaa."

Watu wakacheka, ila Mwalimu hakucheka. Akavua miwani. "Kuna mzee mmoja aliyebeba taa siku zile, nilimpata kabla hajafa. Aliniambia Chuma alizirai siku ya kwanza kwa joto la hilo vazi, akaondoka, hakurudi tena. Lakini mabango yalishachapwa, watu wanamngoja Chuma wao. Ikabidi mtu mwingine aingie, na wote wakaapishwa wasiseme. Ni nani, yule mzee alikataa kuniambia. Alisema yeye hajafunguliwa kiapo."

Kiapo. Mama Shaka alilisikia neno hilo likimgonga kifuani. "Endelea," akasema.

Picha zikaendelea. Zimwi lilipoinua mkono, kwapani pakaonekana ua la njano lililopakwa rangi ya kijani bila kufunikwa sawasawa. Pazia la sebuleni. Pazia lililosemwa na Shangazi kwamba limekwenda kupamba chumba cha mwanamume. Lipo, kwapani mwa zimwi! Damu za uongo zikamwagika, nyekundu za rangi ya ukutani, zikaingia kwenye kucha. Kichwa cha trei kikasugua shingo kila lilipogeuka. Mama Shaka alikuwa ametoa macho, hathubutu kupepesa.

Halafu likafika tukio lenyewe. Msichana amebanwa ukutani, anapiga mayowe, zimwi limenyoosha makucha kumkaba. Makucha yakafika shingoni. Yakasimama. Mkono mmoja ukashuka taratibu mpaka begani mwa msichana, palipokuwa na uzi unaning'inia kwenye mshono wa gauni. Ukaushika uzi, ukauzungusha mara mbili kwenye ukucha, ukaukata kwa kuupeleka kwenye meno yake ya maboksi. Kisha kiganja kikapangusa bega, mara moja, kwa chini. Baada ya hapo zimwi likarudi kazini, likamkaba.

Chumba kizima kikanyoosha mikono. Kila mmoja akachukua uzi begani mwa jirani yake, akauzungusha kidoleni, akauma. "KAZI SAFI!" wakapiga kelele kwa pamoja. Na vidole vya nesi vikapita begani mwa Mama Shaka, vikachukua uzi, vikapangusa mara moja, kwa chini.

Hakuna mtu aliyekuwa amempangusa hivyo tangu akiwa na miaka tisa. Kila asubuhi, kabla ya shule, mlangoni. Mama yake hakuweza kuona uzi ukining'inia kwa mtu, hata wa njiani asiyemjua. Aliuchukua, akauzungusha, akauma, akapangusa. Mama Shaka akasimama, mkoba ukaanguka, mkasi ukalia sakafuni.

"Mnamcheka mama yangu," akasema. "Huyo ni mama yangu!"

Taa zikawashwa. Watu wazima ishirini wakabaki na nyuzi midomoni, hawajui pa kuzitemea. Mama Shaka alilia waziwazi, kwa sauti. Nesi alimkumbatia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mama Shaka hakumuuliza mtu anamkumbatia kwa nini.

Mwalimu akaja akachutama mbele yake. "Dada, tunacheka, sikatai. Lakini sikiliza. Filamu za siku hizi zimwi halina mshono. Linatisha kweli, ukitoka mlangoni umeshalisahau. Hili tunaona zipu, tunaona mtu aliyemo ndani anahema kwa joto, na bado anafanya kazi yake kama vile dunia yote inamwangalia. Miaka kumi na moja nimejiuliza ni nani huyu, ambaye hata akiwa zimwi hawezi kuuacha uzi wa mwenzake ukining'inia. Mtu unayemcheka tu huwezi kumrudia miaka kumi na moja."

Mama Shaka akapangusa pua. "Nataka hiyo filamu," akasema. "Leo. Na uniambie unataka nini badala yake, usinifiche."

Mwalimu akachomoa flashi kwenye mashine akamwekea kiganjani. "Picha yake, kama unayo. Tuitundike hapa."

Kesho yake, Jumapili, Mama Shaka akaazima kompyuta ya mkwewe, akaenda kwa baba yake. Mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, redio mapajani, imezimwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

Mtaa ulidhani Mama Shaka ndiye bingwa wa kushuku. Mtaa haukumjua aliyemfundisha.

"Sijatumwa. Nimekuja tutazame kitu." Akaweka kompyuta juu ya stuli. Jina la filamu lilipotokea, mzee akageuza uso ukutani.

"Ondoa. Hiyo nilishaiona."

"Uliona majina, baba. Filamu hukuiona."

"Nilichoona kilinitosha."

"Kimekutosha miaka arobaini na tano. Nipe mimi saa moja tu." Akamshika goti, jambo ambalo hawakuwa wamezoea. Mzee akalitazama lile goti, akautazama mkono, hakuutoa.

Wakatazama. Jina la Chuma lilipopita, mzee akakaza taya. Zimwi nene likatokea, likapita. Zimwi jembamba likatokea. "Tazama ubavuni, baba," Mama Shaka akasema. "Vazi limepunguzwa. Chuma alizirai siku ya kwanza, akakimbia. Huyu ni mwingine, na aliapishwa asimwambie mtu." Zimwi likainua mkono.

"Pazia langu," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Hilo ni pazia langu."

"Ndiyo, baba."

Msichana akabanwa ukutani. Makucha yakanyooka, yakasimama, yakashuka begani. Uzi ukazungushwa mara mbili. Ukaumwa. Kiganja kikapangusa, mara moja, kwa chini.

Mkono wa mzee ukainuka wenyewe, ukaenda begani kwake, pale ambapo kwa miaka yote ya ndoa yake alipanguswa kila asubuhi kabla ya kwenda stoo, hata katika ile miaka mitatu ambayo alikuwa akipita mlangoni bila kusema neno. Ukabaki hapo hapo. Zimwi lilimaliza kazi yake, likarudi kwenye beseni, majina yakaanza kupanda.

"Rudisha nyuma," mzee akasema.

"Wapi, baba?"

Midomo ilihangaika kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kitasa kilichoshika kutu.

"Pale mke wangu anapotoa uzi."

Mama Shaka akarudisha nyuma.